Dada, Niimbe Nini?

Swali hili huanza kunijia karibu na saa tatu usiku, watu wakishakula na spika zikishapimwa. Mwanamke anasogea mezani kwangu, anainama kidogo ili wenzake wasisikie, ananiuliza: "Dada, niimbe nini?" Wanaume hawaniulizi. Mwanaume huja na wimbo wake kichwani, mara nyingi ule ule wa Ijumaa iliyopita, anaandikisha jina na kurudi kwenye kiti chake. Mwanamke anauliza, na ukimsikiliza vizuri utagundua anauliza mengi kwa mara moja: kama sauti itafika, kama watu watamshangaa, na kama maneno ya wimbo huo yatamwacha salama Jumatatu akirudi ofisini.

Kazi yangu usiku wa karaoke, katika baa moja ya Area C hapa Dodoma, ni kushika orodha ya nyimbo na kuita majina. Naipenda kazi hii sana, na kinachoniuma ndani yake ni kumwona mwanamke mwenye sauti nzuri kabisa akirudi mezani ameinamisha kichwa kwa sababu alipewa wimbo usio wake. Mara nyingi aliyempa ni shoga yake. "Imba Whitney, wewe unaweza!" Anaweza kwa kipimo gani? Hakuna aliyemsikiliza kwanza.

Msimamo wangu ni huu: wimbo wa mwanamke utafutwe pale sauti yake inapokaa akiwa anaongea. Jina la msanii lifuate baadaye, na kama msanii huyo ni mwanamke au mwanaume, hilo nalo lifuate baadaye.

Ndiyo maana simjibu mtu kabla sijaongea naye. Namuuliza ametokea mtaa gani, siku yake imekwendaje, amekuja na nani. Wakati anajibu, mimi nasikiliza sauti yake inatua wapi mwishoni mwa sentensi, maana hapo ndipo mtu huacha kujikaza. Kwa wastani sauti ya mwanamke akiongea hutetema kama mara 210 kwa sekunde, ya mwanaume kama mara 120. Lakini wastani haumwimbii mtu. Wapo akina mama wa soko la Majengo ambao wakikuita kwa jina unageuka ukidhani ni baba mtu, na wapo mabinti wa chuo kikuu cha UDOM ambao hata wakinong'ona sauti iko juu. Mtu asiyefanya mazoezi huimba kwa raha kuanzia chini kidogo ya sauti yake ya kuongea, akapanda oktava moja (ngazi nane, kutoka do hadi do ya juu) na ushee. Zaidi ya hapo panahitaji mazoezi, na Ijumaa usiku, na chipsi kuku mezani, si wakati wa mazoezi.

Swali langu la pili ni hili: "Kwaya uliimba sauti gani?" Hapa Dodoma swali hilo lina majibu kuliko unavyofikiri. Mji huu una wageni wengi, hasa tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, lakini wenyeji na wageni wote karibu wamepita kwenye kwaya fulani: Anglikana, Katoliki, KKKT, Moravian, Sabato. Na humo kuna jambo ambalo limewapotosha wanawake wengi. Soprano, sauti ya juu ya wanawake, ndiyo inayobeba wimbo wenyewe, kwa hiyo msichana aliyeona aibu kushika sauti tofauti aliwekwa soprano, akakua akijua yeye ni soprano. Mwalimu wa kwaya hakumpima koo, alimpima masikio. Miaka 15 baadaye anakuja kwangu akiwa na sauti nzito tamu ya alto, na bado anaomba wimbo wa kupaa. Wale waliojibu "alto" kwa kujiamini sina wasiwasi nao. Hao wanajua walipo.

Sasa tuzungumze kuhusu Whitney na Celine, maana bila kuwagusa hawa wawili hakuna mazungumzo ya karaoke ya wanawake. "I Will Always Love You" ya Whitney Houston, ya mwaka 1992, inaanza bila chombo chochote. Yaani mwanamke anasimama peke yake, hana kinanda cha kumwonyesha aanzie wapi, na akianza juu kidogo tu ya panapotakiwa, vyombo vikiingia anajikuta nje. Akivuka hapo, kiitikio cha mwisho kinapanda toni nzima baada ya kimya kifupi na pigo la ngoma. "My Heart Will Go On" ya Celine Dion, ya 1997, ni kali zaidi: ubeti wa mwanzo uko chini na unadanganya kwamba wimbo ni mwepesi, halafu kiitikio cha mwisho kinaruka nusu toni nne (hatua nne ndogo za kinanda) kwa mpigo mmoja, kutoka kii, yaani sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake, ya E hadi A flati. Nimeona wanawake waliokuwa wanaimba vizuri mpaka hapo wakabaki wanacheka na kumpa DJ maiki. Kicheko hicho hakinifurahishi. Mtu amekuja kufurahi, na wimbo umemwaibisha kwa jambo lililojulikana kabla hajaanza.

Dawa yake iko ndani ya wimbo huo huo wa Whitney. Uliandikwa na Dolly Parton, na yeye aliutoa mwaka 1974, karibu miaka 20 kabla ya Whitney. Toleo la Dolly limetulia, halipandi milima, na ubeti mmoja hauimbwi kabisa, anauongea tu. Mwanamke anayeupenda wimbo ule kwa maneno yake namwekea biti, yaani muziki usio na sauti ya mwimbaji, ya Dolly. Wa kwanza kushangaa ni yeye mwenyewe, kwamba anaweza. Na watu wa Dodoma wanaupokea, maana muziki wa kantri una makazi yake Tanzania. Redio zetu zimewalea watu na Dolly Parton, Kenny Rogers, Jim Reeves na Don Williams, na kizazi cha wazazi wetu kinazijua nyimbo hizo kama tenzi.

Hapo kwa Don Williams ndipo ninapotaka wanawake wasimame kidogo.

Watu wanaamini mwanamke aimbe nyimbo za wanawake, mwanaume za wanaume. Kwa sauti, jambo haliko hivyo. Mwanaume mwenye sauti nzito kama Don Williams anaimba chini sana, na mwanamke wa kawaida akizipandisha nyimbo zake oktava moja zinatua palepale penye raha yake. Mwanaume mwenye sauti ya juu, kama Alikiba au Aslay, anaimba mahali ambapo mwanamke wa alto anaweza kuingia naye bila kubadili kitu, kwenye noti zile zile. Wanaotusumbua ni wanaume wa katikati. Ukiwaimba kwenye noti zao unazama, maneno yanakuwa mnong'ono. Ukipandisha oktava unapiga kelele. Kwa nyimbo hizo inabidi kii isogezwe nusu toni nne au tano, kwenda juu au chini, na hapo ndipo kitufe cha kubadili kii kinapokuwa na thamani kuliko spika kubwa.

Baa nyingi zina kitufe hicho kwenye programu ya karaoke na hakiguswi. Mwendeshaji anaona kama ni kumdharau mwimbaji, kana kwamba kushusha kii ni kumpa mtu daraja la chini. Lakini hiyo ndiyo asili ya karaoke yenyewe. Daisuke Inoue, mpiga muziki wa Kobe huko Japani, alikuwa akiwapigia wateja muziki wakiimba baa. Mteja mmoja, mfanyabiashara, alitaka kusafiri naye ili ampigie muziki huko aendako, na Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki unaolingana na uimbaji wake. Kutoka hapo, mwaka 1971, akaunda mashine ya kuweka sarafu, na hakuiwekea hataza, ile haki ya mvumbuzi. Kwa hiyo kitu hiki kilizaliwa kwa sababu muziki ulimfuata mtu. Leo tunamlazimisha mtu aufuate muziki, tena mwanamke ambaye wimbo ulirekodiwa kwa koo la mtu mwingine kabisa. Mimi nashusha kii bila kuomba ruhusa ya meza za mbele. Wanaosikiliza hawajui, wanachosikia ni kwamba dada anaimba.

Lipo tatizo jingine, na hili ndilo kubwa kwa orodha ya wanawake hapa kwetu: biti. Nyimbo za Kiingereza zina biti za karaoke kwa maelfu, zimepigwa upya studio, maneno yanapita kwenye skrini yakibadilika rangi. Nyimbo za Bongo Fleva za wanawake zenye biti safi ni chache. Matokeo yake mwanamke anayefikiri na kupenda kwa Kiswahili anaimba Adele kwa sababu ndiye aliyeko kwenye orodha. Siyo kwamba anampenda kuliko Lady Jaydee. Hakuona jina la Lady Jaydee.

Zamani tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupiga wimbo wenyewe na kumwacha dada aimbe juu ya msanii, na hapo kila akichelewa kidogo watu wanasikia sauti mbili zinagombana. Ya pili ni ujanja wa kuondoa kilichoko katikati: sauti ya mwimbaji kwa kawaida huwekwa sawasawa kushoto na kulia, hivyo ukigeuza upande mmoja na kuujumlisha na mwingine, sauti inafutika. Ila besi na kiki ya ngoma nazo hukaa katikati, zinaondoka pamoja naye, unabaki na biti isiyo na mwili. Mambo yalibadilika pale kampuni ya Deezer ilipotoa bure programu ya Spleeter, mwaka 2019, inayotenganisha sauti na vyombo kwa akili mnemba. Baada yake zimekuja nyingine nyingi za aina hiyo, na nyimbo nyingi za akina dada zilizoko kwenye orodha yangu zimepitia huko. Hazijawa safi kabisa. Kwenye nyimbo za wanawake mara nyingi hubaki mwangwi wa msanii nyuma, mwembamba, na kwa kuwa uko kwenye kimo kile kile cha sauti ya anayeimba, unamchanganya zaidi. Tena kii ya faili kama hilo ukiisogeza zaidi ya nusu toni tatu, ngoma zinaanza kulia kama zimelowa. Kwa hiyo nyimbo za nyumbani nalazimika kuchagua zile ambazo kii yake inafaa tangu mwanzo.

Na zipo. Lady Jaydee ni rafiki wa wanawake wa sauti ya kati, na kwangu yeye ndiye wa kwanza kwa mtu asiyejijua. "Yahaya" nampa karibu kila anayeanza. Mwendo wake ni wa taratibu, mistari mifupi, unapata nafasi ya kuvuta pumzi, na ni hadithi ya mtu, kwa hiyo mwimbaji anasimulia. Mtu anayesimulia hafikirii mikono yake iko wapi wala hajali nani anamtazama. Ray C nampa mwenye sauti nyororo na woga mdogo. Nyimbo zake zinataka ulegee, na mtu aliyekakamaa zinamkataa. Nandy ana nyimbo za aina mbili. "Ninogeshe" inaimbika na karibu kila mtu anaifuata kwenye kiitikio. Zile ambazo anapandisha na kuzungusha sauti mwisho wa mistari nawaachia waliozizoea nyumbani. Ruby simpi mtu asiyeniomba mwenyewe. Yule dada ana koo la nguvu, "Na Yule" inasikika rahisi kwa sababu yeye anaimba kwa urahisi, na hilo ni jambo tofauti kabisa na wimbo kuwa rahisi.

Zuchu anaombwa sana na mabinti. Shida yake haiko kwenye kimo, iko kwenye maneno: anayafunga yakaribiane, na mtu aliyejifunza wimbo kutoka kwenye video za sekunde 15 anajua kiitikio tu. Ubeti wa pili unamkuta amekodoa macho kwenye skrini. Kwa "Sukari" nasema sawa, kwa sababu kiitikio kinarudi mapema kumwokoa. Kwa nyingine namwomba aimbe ubeti wa pili mdomoni mwake pale pale mezani kwangu. Akikwama tunatafuta wimbo mwingine pamoja, na hajadhalilika mbele ya mtu.

Saida Karoli nimeweka kwa ajili ya akina mama. Wimbo wake wa "Maria Salome", ambao wengi tunauita "Chambua Kama Karanga", una Kihaya ndani yake, na mwanzoni niliweka nikidhani wataimba Wahaya peke yao. Wanaimba wote. Mgogo, Mrangi, Mnyaturu, Mhaya, wanatamka wanavyojua, na kimo cha wimbo hakimwachi mtu nyuma. Brenda Fassie na "Vulindlela" vivyo hivyo: lugha si yetu, wimbo ni wetu, na ukiupiga baada ya saa nne usiku meza nzima ya wanawake inasimama bila kuitwa.

Maneno ya wimbo ni kazi nyingine, na hapa najua wapo watakaobisha. Orodha za karaoke za wanawake zimejaa kilio. Kaniacha, kanisaliti, rudi, nitakufa. Wimbo mmoja wa hivyo kwa usiku ni mzuri, watu wana mambo yao na acha watue. Lakini nikiona dada wa tano mfululizo anaomba msamaha kwa mwanaume ambaye hata hayupo, nabadilisha upepo. Mwanamke aliyesafiri kutoka Dar na kuanza maisha upya Nzuguni, anayelea watoto na kupanda basi kila asubuhi kwenda Mtumba kazini, ana mengi ya kusema zaidi ya hayo. Mpe wimbo wa kujivuna. Mpe "Ndi Ndi Ndi" ya Lady Jaydee. Mpe wimbo wa kumcheka mtu, wa kumsifu mama yake, wa kudai fedha zake. Utaona hata mabega yake yanavyokaa tofauti.

Halafu kuna suala la nani amekaa mezani. Dodoma ni mji mdogo kwa namna yake. Mkurugenzi wa mtu, jirani wa mtu na wifi wa mtu wote wanakula nyama sehemu zile zile. Taarabu inahitaji uangalifu mkubwa kwa sababu hii. Mipasho ina mtu wake. Hata kama mwimbaji hana nia na mtu, aliye mezani ataipokea kama yake, na nimeshuhudia meza mbili zilizokuwa zinacheka zikinuniana kwa sababu ya beti za wimbo ambao dada wa watu aliupenda kwa midundo tu. Kwa hiyo akiomba taarabu namuuliza kwa upole: "Wifi yupo? Mama mkwe yupo? Wa ofisini?" Anaelewa mara moja. Tena taarabu ya kisasa ni ndefu, inaweza kupita dakika 10, na watu 12 wanasubiri kwenye orodha. Napiga beti mbili na kiitikio tu, na nahakikisha waliokuja kutunza wamepata nafasi ya kutunza kabla sijashusha sauti, maana kumkatia mtu wimbo mkononi kuna noti ya kutunza ni kosa asilosamehe.

Wimbo wa taarabu ninaoupenda zaidi kwenye orodha ni "Mauzauza", ule ambao Zuchu aliimba na mama yake mzazi, Khadija Kopa, mwaka 2020. Natamani wanawake wauombe zaidi. Sauti mbili, moja ya binti na moja ya mtu mzima, na ile ya mtu mzima ndiyo inayobeba uzito. Mama mwenye miaka 55 akija na bintiye, wimbo uko tayari kwa ajili yao, na kwa mara moja mama hahitaji kujifanya msichana ili aimbe.

Kuhusu nyimbo za injili nimekaa nalo muda mrefu. Hapa kwetu huwezi kuliepuka. Rose Muhando alikuwa mwalimu wa kwaya ya Mtakatifu Maria, Chimuli, hapa hapa Dodoma, kabla nchi nzima haijamjua kwa "Mteule Uwe Macho", na ni mfano bora kuliko wote wa jambo ninalolisema tangu mwanzo: sauti yake ni nzito, ina mchanga ndani yake, na hakuna aliyemwambia aende akaipandishe. Wanawake wa sauti nzito wa mji huu wanamwimba kwa uhalali kabisa. Lakini mahali ni baa. Uamuzi wangu ni kwamba sipigi injili Ijumaa usiku meza zikiwa na chupa, hata nikiombwa na watu walioshika chupa hizo. Jumapili mchana, familia zikija kula na watoto wakiwa wanacheza bembea, naiweka, na nyimbo za Christina Shusho nazo naziweka, na humo nimesikia uimbaji mzuri kuliko wa Ijumaa zote. Mtu anayeimba anachokiamini hatafuti kupendwa na meza.

Kuna nyimbo ambazo hakuna programu itakayozitengenezea biti. Wagogo wana muheme, ngoma ambayo wanawake ndio wapigaji: wanabana ngoma katikati ya magoti, wanaimba na kupiga kwa wakati mmoja, mmoja anaongoza na wengine wanapokea. Muziki wao unajengwa juu ya noti ambazo kinanda cha dukani hakina, umbali kati ya sauti na sauti umepangwa kwa namna yake, na ukijaribu kuweka kinanda chini yake kila kitu kinasikika kimekosewa wakati waimbaji wako sahihi. Marehemu Hukwe Zawose aliubeba muziki huo duniani kwa zeze na ilimba, ala za Kigogo, mpaka alipofariki mwaka 2003. Wanawake wa ukoo wake kwa muda mrefu walikuwa waitikiaji. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao, "Maisha", wakiwa mbele.

Kwa hiyo mama wa Kigogo akiniambia anataka kuimba cha kwao, nazima biti. Nampa maiki moja, ya pili naiweka mezani kwa wenzake wa kumpokea, napunguza mwangwi karibu wote, kwa sababu mwangwi wa karaoke unavuruga sauti zinazojibizana haraka. Wateja wengine hulalamika kwamba hiyo si karaoke. Mimi namkumbuka yule mteja wa Kobe na kanda yake, na sioni tofauti.

Mambo madogo ya mwisho, kwa anayeshika orodha kama mimi. Hewa ya Dodoma ni kavu, kiangazi vumbi linakaa kooni, na bia ya baridi kabla tu ya kuimba inabana sauti ya mtu. Mpe maji ya uvuguvugu, jikoni wanayo. Usimwite mwanamke wa kwanza kwa wimbo wa kupanda, koo halijaamka. Maiki ishikwe karibu na mdomo kwa sauti ya chini na isogezwe mbali kidogo kwa sauti ya juu. Wengi hufanya kinyume kwa aibu. Wimbo wa watu wawili uanze na mwenye sauti ya chini. Na mwanamke akiimba wimbo wa mwanaume asibadilishe majina na viungo vyote vya wimbo ili umfae. Aimbe kama ulivyo, watu wanajua anasimulia.

Na kwa maprodyuza wa Bongo Fleva, kama kuna anayesoma: mkitoa wimbo wa dada yeyote, toeni na biti yake. Faili mbili tu, moja kwa kii ya msanii na nyingine imeshushwa nusu toni tatu tangu studio, kabla haijachujwa na kuharibika. Zitanunuliwa. Mimi nitanunua. Na kwa wenye nyimbo za zamani zilizolala kwenye diski, nianzieni na za Ray C, kwa sababu ndizo ninazoombwa kila wiki, na kwenye nilizonazo bado anasikika yeye nyuma.